Kabla ya panya, kiwavi

Nikisikia bakteria fulani wakisifiwa kuwa ni wazuri, huwa nauliza: wazuri kwa nani? Siulizi kwa ubishi. Kuna bakteria mmoja anayemkuza buu mwenye njaa, na huyohuyo akikaa peke yake tumboni mwa nzi mzima humfupishia maisha. Nitafika huko, maana habari hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuwacheka watu wanaopima bakteria wa mtindi ndani ya wadudu.

Kwanza lililo rasmi. Mwaka 2001 wataalamu waliokutanishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na ya afya (WHO) walieleza kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humpa mwenyeji wake faida ya kiafya. Uhai wa bakteria hupimwa kwa kuwaotesha, na kiasi huhesabiwa. Kwenye faida ya kiafya ndipo watu hukwama, kwa sababu faida haioti kwenye sahani ya maabara. Inahitaji kiumbe kinachokula, kinachougua na ambacho kinaweza kufa.

Kufa nimekutaja kwa makusudi. Kule Uholanzi, wagonjwa waliolazwa kwa uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa aina sita za bakteria kupitia mrija uliofika utumbo mwembamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kati ya waliopewa bakteria walikufa asilimia 16, na kati ya waliopewa kiigizo kisicho na bakteria walikufa asilimia 6. Bakteria hao walikuwa wa jamii zilizozoeleka kuhesabiwa salama. Sidai kwamba kiwavi angeweza kutabiri msiba ule; kiwavi hana hata kongosho. Ninachosema ni kwamba sifa ya jumla ya jamii ya bakteria haitoshi. Kila aina ipimwe peke yake, na ipimwe katika mwili ulio katika hali inayofanana na ya atakayeitumia.

Sasa tuingie maabara, ambako tatizo huwa ni wingi. Ukitenga bakteria wa asidi ya laktiki kutoka kwenye mboga zilizochachushwa, maziwa au kinyesi cha mtoto mchanga, muda si mrefu friza inajaa vichupa. Unawatia kwenye asidi uone nani anabaki. Unawatia kwenye nyongo. Unawapima kama wanashika kwenye seli za utumbo zilizooteshwa, na kama wanazuia Salmonella, bakteria wa maradhi ya tumbo, isiote karibu nao. Lile duara safi linalotokea kwenye sahani kuwazunguka bakteria linapendeza sana kwenye picha, na nadhani limewadanganya watu wengi kuliko kipimo kingine chochote katika fani hii. Mara nyingi ni asidi tu. Bakteria yeyote anayetoa asidi ya kutosha atakuchorea duara.

Baada ya hapo bado una aina nyingi mkononi, na hatua inayofuata kwa desturi ni panya. Panya ni ghali, anahitaji kibali, nafasi na miezi ya kusubiri. Hakuna anayeweza kupima aina mia kwa panya. Kwa hiyo wachache huchaguliwa, na mara nyingi huchaguliwa kwa lile duara. Mdudu anaingia hapo katikati, kati ya sahani na panya.

Mdudu niliyemzoea mimi ni kiwavi wa nondo wa nta, Galleria mellonella. Wafugaji wa nyuki wanamchukia, na wana haki. Hutoboa masega, akala nta na chavua na mabaki ya mabuu ya nyuki, akaacha mzinga umejaa utando. Maabarani ni mnene, rangi ya maziwa, urefu wa sentimita mbili hadi tatu, uzito wa kama robo gramu au zaidi kidogo. Anatosha kushikwa kwa vidole viwili na kudungwa sindano, jambo ambalo nzi wa matunda hakuruhusu ulifanye kwa raha. Tena anaishi vizuri kwenye nyuzijoto 37, joto la mwili wa binadamu. Hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu vijidudu vingi vya maradhi huamsha silaha zao vikihisi joto hilo, na ukivipima kwenye nyuzi 25 unapima viumbe vilivyolala nusu.

Dozi ya kawaida ni mikrolita 10, inayopitishwa kwenye kijiguu cha mwisho cha tumboni, pale ngozi ilipo laini. Unamgeuza chali, unamkunja kidogo juu ya kidole, kijiguu kinafunguka, sindano inaingia. Kisha unamweka kwenye sahani na kurudi baada ya saa 24, 48, 72. Wanafunzi hufundishwa kuhesabu waliokufa, yaani wasiotikisika wakiguswa. Ukishakaa nao utaanza kusoma rangi kabla ya kuhesabu. Kinga ya mdudu ikipambana na mvamizi hutengeneza melanini, ile rangi nyeusi, na kiwavi huanza kutoa madoa, halafu mstari wa kijivu mgongoni, halafu anakuwa mweusi kama mkaa. Kiwavi aliyebaki rangi ya maziwa asubuhi, akajipindua mwenyewe ukimlaza chali, ni kiwavi mzima. Jambo ambalo vitabu havisemi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuwatenganisha. Usiku kucha wanafuma hariri, wanashikamana, na wenye nguvu hutafuna kifuniko cha plastiki na kutembea zao.

Jaribio la probiotiki lenyewe halina ugumu. Unampa kiwavi bakteria unaowatumainia, unasubiri saa kadhaa au siku nzima, kisha unampa ugonjwa: fangasi aitwaye Candida albicans, au bakteria kama Salmonella na Listeria. Unalinganisha nani anaishi muda mrefu. Watafiti wa Brazil walifanya hivyo na Lactobacillus acidophilus dhidi ya Candida, wakachapisha mwaka 2015 kwamba viwavi waliotangulizwa bakteria waliishi zaidi. Wengine wamejaribu aina maarufu ya Lacticaseibacillus rhamnosus GG na aina ya Clostridium butyricum inayotumika kama dawa Japani, wakiwapambanisha na bakteria wa kuharisha. Kinga ilionekana.

Mtu anaweza kuuliza kiwavi ana uhusiano gani na sisi. Jibu lina historia ninayoipenda, kwa sababu nyuzi zake mbili zinatoka kwa mtu mmoja. Mwaka 1882, huko Messina, Élie Metchnikoff aliwachoma mabuu wa kiti cha pweza kwa miiba midogo, akaona seli zikikusanyika kuuzunguka mwiba. Ndivyo alivyofikia wazo la seli zinazomeza wavamizi, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Huyohuyo, akiwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ndiye aliyehubiri kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka wanarefusha maisha. Kinga iligunduliwa kwa kiumbe kisicho na uti wa mgongo, na probiotiki ilitoka kinywani mwa mgunduzi wake, lakini yeye hakuwa na njia ya kuvikutanisha. Katika taasisi ileile Sergei Metalnikov alikuja kuwadunga viwavi wa nondo wa nta vijidudu vya maradhi na kuchunguza namna wanavyojikinga. Hiyo ni miaka ya 1920, muda mrefu kabla yetu sisi tunaojiona waanzilishi.

Halafu yalikuja mambo mawili yaliyompa mdudu heshima. Mwaka 1981 Hans Boman na wenzake nchini Sweden walieleza sekropini, peptidi (yaani protini fupi) zinazoua bakteria, walizozipata kwenye damu ya nondo mkubwa wa Marekani. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann huko Strasbourg ikaonyesha kwamba nzi wa matunda asiye na protini ya Toll hufunikwa na ukungu hadi kufa. Miaka miwili baadaye ndugu wa Toll alipatikana katika panya akifanya kazi ya kutambua sumu ya bakteria, na Nobel ya 2011 ikafuata. Kwa hiyo tunapozungumzia kinga ya asili, ile isiyosubiri kufundishwa, mdudu na mtu wamerithi sehemu kubwa ya mitambo ileile.

Sasa niseme kinachonikera. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ireland liliwatikisa viwavi wa nondo wa nta. Hawakuwapa dawa wala bakteria, waliwatikisa tu. Kisha wakawadunga Candida albicans. Waliotikiswa waliishi zaidi kuliko waliotulizwa, wakawa na seli nyingi za kinga na peptidi nyingi zaidi katika damu. Mshtuko peke yake ulikuwa umewaamsha.

Fikiri maana yake kwa mtu wa probiotiki. Nimemdunga kiwavi bakteria ninayemtukuza, na kesho yake amestahimili Salmonella. Je, ni kwa sababu ya bakteria wangu, au sindano? Au ni kuta za bakteria yeyote yule, hata mfu? Kinga ya kiwavi ikishashtuliwa na chochote, kwa muda fulani inakuwa macho dhidi ya karibu kila kitu. Jaribio lenye kundi moja tu la ulinganisho, la maji ya chumvi, haliwezi kutofautisha probiotiki na mtikisiko. Mimi nataka nione viwavi waliodungwa bakteria walewale waliouawa kwa joto. Nataka nione waliodungwa kwa dozi ileile E. coli wa maabara, asiye na madhara na asiye na sifa yoyote. Aina inayowashinda hao wote ndiyo ninayoikalia kitako. Nikikuta makala isiyo na hata kundi moja kati ya hayo, naifunga, hata kama picha zake zinapendeza.

Kuna na suala la mlango. Mdudu hana mishipa kama yetu; damu yake inaelea ndani ya mwili na kuosha viungo vyote. Ukimdunga bakteria humo, umemtia bakteria kwenye damu, jambo ambalo kwa binadamu tunaliita dharura. Hilo si kipimo cha mtindi. Ni kipimo cha usalama, tena kizuri: ukitaka kujua kama Enterococcus, bakteria wa utumbo, unayetaka kumuuza ana makali ya ndugu zake wanaopatikana hospitalini, wadunge wote kwa idadi sawa na uhesabu viwavi weusi. Ukitaka kujua faida ya kula, basi mlishe. Sindano butu mdomoni inawezekana, ingawa inahitaji mkono mtulivu, au unachanganya bakteria kwenye chakula na kukubali kwamba hujui kila mmoja kala kiasi gani. Na kumbuka tumboni mwake kuna wenyeji tayari, Enterococcus wengi, ambao hawakuombwa ruhusa.

Kwa swali la kula, nzi wa matunda anamshinda kiwavi mbali. Mayai ya nzi huyo, Drosophila, unaweza kuyaosha kwa dawa ya klorini hadi ganda la nje litoke, ukayaweka kwenye chakula kilichochemshwa, na ukapata nzi wasio na bakteria hata mmoja. Kisha unaongeza aina moja, unayoijua. Kwa asili utumbo wake hubeba aina chache tu, hasa jamii za Lactobacillus na Acetobacter, tofauti na mamia yaliyomo ndani yetu. Kizazi kizima kinachukua kama siku kumi.

Kikundi cha François Leulier nchini Ufaransa kilichapisha mwaka 2011 kazi iliyonigeuza. Walichukua mabuu wasio na bakteria wakawapa chakula chenye hamira kidogo, maana yake protini kidogo. Mabuu wakadumaa. Walipoongezewa Lactobacillus plantarum, ambaye siku hizi anaandikwa Lactiplantibacillus plantarum, ukuaji ukarudi karibu na kawaida. Bakteria walikuwa wakichochea njia ya TOR, ile ambayo seli huitumia kupima kama kuna lishe ya kutosha. Na si kila aina ya plantarum ilifanya hivyo. Ile iitwayo WJL, iliyotoka utumboni mwa nzi, ilisaidia sana; nyingine zilisaidia kidogo.

Wangeweza kuishia hapo wakaandika sentensi ya mwisho kuhusu "uwezekano kwa binadamu", kama tulivyozoea. Badala yake wakaenda kwa panya. Mwaka 2016, katika jarida la Science, walionyesha kwamba panya wachanga waliopewa chakula duni wakiwa na WJL walikua kwa urefu na uzito kuliko wasio na bakteria, na aina iliyokuwa dhaifu kwa nzi ilikuwa dhaifu kwa panya pia. Huo mpangilio kubaki vilevile ndio ulionishika. Nzi hakutabiri gramu ngapi panya ataongeza. Alitabiri nani atamshinda nani, na kwa mtu mwenye friza iliyojaa vichupa hicho ndicho anachohitaji kujua.

Mwaka 2023 wakaongeza kwamba kwa panya sehemu kubwa ya faida inapita kwenye kipokezi kiitwacho NOD2, kinachotambua vipande vya kuta za bakteria. Nzi hana NOD2. Ana njia zake za kuzitambua kuta hizo. Kwa hiyo matokeo yalifanana lakini mitambo iliyoyaleta haikuwa ileile, na anayeandika kwamba jambo limethibitishwa kwa nzi, basi linafanya kazi hivyohivyo kwa mtoto, ameruka mto bila daraja.

Sasa lile nililoahidi. Mwaka 2018 kundi jingine, la Canada, lilichukua nzi wazima, wakawapa plantarum peke yake maisha yao yote. Nzi hao walikufa mapema kuliko wasio na bakteria kabisa, na utumbo wao uliharibika, seli zake zikishindwa kujifanya upya ipasavyo. Tuna jamii moja ya bakteria na jamii moja ya nzi. Tofauti ni umri, chakula na kama bakteria ana wenzake au yuko pekee. Ukipima mabuu wenye njaa tu, utauza bakteria huyo kama muujiza. Ukipima wazee walioshiba tu, utamtupa.

Nzi naye ana mtego wake. Bakteria wengi hawakai tumboni mwake. Wanazaana kwenye chakula, anawala, wanapita, anawala tena. Wahamishie nzi kwenye chupa mpya mara kwa mara uone idadi inavyoshuka. Kwa hiyo sehemu ya faida inaweza kuwa ni chakula kilichobadilishwa na bakteria kabla hakijaliwa, au bakteria wenyewe kuwa chakula, maana nao ni protini. Dawa yake ni ileile ya kiwavi, bakteria wafu wa kulinganisha, pamoja na rangi ndani ya chakula ili kujua nani anakula zaidi.

Wajapani wana kiwavi wa hariri, na wamekwenda hadi dukani. Walipima bakteria wa asidi ya laktiki kwa namna walivyoamsha kinga ya kiwavi huyo na kumwokoa na bakteria wa maradhi Pseudomonas aeruginosa, wakamchagua Lactococcus lactis aliyetoka kwenye tunda la kiwi, na mtindi ukatengenezwa naye. Ni njia fupi mno kwa ladha yangu.

Mapungufu mengine yako wazi na sitayaimba yote. Mdudu hana kingamwili wala seli zinazokumbuka ugonjwa mmoja mmoja, kwa hiyo mzio na chanjo usimuulize. Utumbo wa kiwavi wa hariri una pH inayopita 9, mazingira ya sabuni zaidi kuliko ya tumbo letu. Mirija yake ya hewa inafika hadi kwenye utumbo, hivyo bakteria wasiopenda oksijeni wanapata shida. Zaidi ya hayo, viwavi wengi wa nondo wa nta hununuliwa kwa wauzaji wa chambo na chakula cha mijusi, na hujui walilishwa nini au kama walipewa viuavijasumu. Maabara inayojifugia wake ninaiamini mara mbili.

Kisheria mdudu hana mtetezi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa maabara inawahusu wenye uti wa mgongo na jamii ya pweza, basi. Hilo ni sehemu ya sababu tunawapenda, tusijifiche. Waliopona majaribio yetu huishia kwenye friza. Sijawahi kukosa usingizi kwa hilo, lakini nimeacha kutumia viwavi thelathini pale ambapo hesabu inasema ishirini wanatosha.

Ambako naona kazi hii inakwenda vizuri zaidi ni kwa nyuki, kwa sababu huko mdudu hamwakilishi mtu mwingine. Mgonjwa ni yeye. Nyuki wa asali ana kundi dogo la bakteria wake wa kudumu, wakiwemo jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium, anaowapata kwa wenzake mzingani. Mwaka 2017 watafiti wa Texas walionyesha kwamba nyuki waliopewa kiuavijasumu cha tetrasaiklini walipoteza sehemu kubwa ya bakteria hao, na waliporudishwa mzingani walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Mwaka 2020 wengine, wa Canada, wakaweka aina tatu za laktobasili kwenye keki ya chakula cha nyuki, na wingi wa Paenibacillus larvae, anayeozesha mabuu, ukapungua. Nikiulizwa leo nisimamie jaribio la aina hiyo, fedha za kwanza ningezitumia kwenye umbali kati ya mizinga. Nyuki hupotea njia wakaingia kwa jirani, na wengine huenda kuiba asali, wakibeba bakteria tumboni, na baada ya wiki chache mzinga wa ulinganisho nao unakuwa umeshapewa probiotiki ambayo hakuna aliyeiandika kwenye daftari.